Basi Lililovunja Geti na Basi Lililoharibikia Getini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi ya shule, Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne ambao ndio hasa mlioniita: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo dogo sana. Nasema dogo kwa kulipima kwa macho tu, kwa kuwa ni maneno mawili ya Kiingereza, moja lenye herufi tano na jingine lenye herufi nne: "break down". Nimefundisha Kiingereza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza Tabora na baadaye hapa Kigoma, na kama mtu angeniuliza wanafunzi wangu wamejikwaa wapi mara nyingi zaidi, nisingemtajia maneno marefu. Neno refu huheshimiwa. Mwanafunzi akikutana nalo hufungua kamusi, huuliza, huliandika nyuma ya daftari. Neno fupi ndilo linalodharauliwa, kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba alilijua tangu darasa la tatu, na hapo ndipo linapomwangusha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Kasulu kuja mjini kwa basi. Katikati ya safari, kwenye mteremko, gari likapunguza mwendo, likatoa moshi kidogo, likasimama. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Kiti cha mbele yangu aliketi mgeni mmoja, mwanamke wa Kizungu, naye akatoa simu yake akamwambia mtu aliyekuwa akimsubiri kwamba angechelewa, na katika maneno yake tukamsikia akisema kwa sauti ya utulivu kabisa: "We've had a breakdown." Kando yake palikuwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uleule, na abiria wakamgeukia yeye, kama ilivyo desturi yetu ya kumtwika msomi aliye karibu kazi ya ukalimani, wakamwuliza mgeni anasema nini. Kijana akajibu bila kusita: "Anasema breki zimeshuka chini." Basi lilikuwa limesimama, mawe yamewekwa nyuma na mbele ya matairi, lakini kwa kusikia neno breki na kuutazama ule mteremko, abiria nusu walikuwa nje kabla kondakta hajafungua kinywa. Mama mmoja alishuka na ndoo yake ya mawese, akaenda kuketi mbali chini ya mwembe, wala hakukubali kurudi ndani mpaka fundi alipomwapia.

Sikumcheka kijana yule, na ninyi msimcheke. Alikosea kwa sababu alitumia akili. Neno letu breki limetoka kwa Waingereza, na katika kinywa chao neno la breki na neno la kuvunja hutamkwa sawasawa, ingawa yameandikwa tofauti. Akachukua sauti ya kwanza akapata breki, akachukua sauti ya pili akapata chini, akajumlisha. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa namna yake, ila maneno haya mawili hayajumlishwi hivyo.

Sasa naomba muandike sentensi mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yangu ya leo yatazunguka humo. Ya kwanza: "The bus broke down the gate." Ya pili: "The bus broke down at the gate." Ukizihesabu utaona kwamba zimetofautiana kwa neno moja tu, tena neno la herufi mbili. Lakini katika sentensi ya kwanza dereva atalipa geti la watu na pengine atalala kituoni, na katika ya pili dereva ni wa kuhurumiwa na kutafutiwa fundi. Basi la kwanza lilivunja geti. Basi la pili liliharibikia getini.

Tazameni jinsi Kiswahili kilivyozitenganisha. Katika ya kwanza tumetumia kitenzi "vunja", na geti likakaa baada yake, likiwa ndilo lililotendwa, yaani yambwa. Katika ya pili tumebadili kitenzi chenyewe, tukakitia kiambishi cha kutendea tukapata "haribikia", kisha geti tukalifunga "-ni" mwishoni ili lisiwe tena kitu kilichotendwa, bali mahali. Kazi tunayoifanya kwa kubadili kitenzi na kuongeza viambishi viwili, Mwingereza ameifanya kwa "at" peke yake, na vile vitenzi vyake viwili akavivisha nguo moja. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza mbele ya "break down" si "maana yake nini?" Swali la kwanza ni hili: je, baada yake kuna kitu kilichotendwa, au hakuna? Mkishaishika sentensi hizi mbili, mmeshashika nusu ya somo.

Vitenzi vya namna hii, kitenzi kifupi kikifuatwa na kineno kidogo cha mahali au mwelekeo, vimepewa majina kadhaa katika vitabu vyetu vya sarufi, nami majina yale sikuyapenda sana, kwa hiyo leo nitaviita vitenzi vyenye mkia. Waingereza wenyewe walivitumia kwa karne nyingi kabla hawajakubaliana waviiteje. Jina wanalolitumia leo, "phrasal verb", lilichapishwa kwanza mwaka 1925 katika kitabu cha Logan Pearsall Smith, naye alisema kwamba alishauriwa jina hilo na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Lakini tatizo lenyewe lilikuwa limeshaonekana zamani. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa jijini London mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vineno hivi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Ninapowasahihishia madaftari yenu humkumbuka mzee huyo. Hakuwahi kufika Kigoma, lakini alijua mtakapoanguka.

Kwa nini Kiingereza kilipenda mikia? Hakikuanza hivyo. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kuvunja kitu kikawa vipande kulikuwa "tobrecan", neno moja, na kile kineno kilikaa mbele ya kitenzi, kimeshonwa, kama vile Wajerumani wanavyofanya hadi leo katika vitenzi vyao vingi. Karne zilivyopita, vineno vile vya mbele vikadhoofika, vipya vikaota nyuma, na wanaisimu wengi huona kwamba watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9 walichangia mabadiliko hayo kwa lugha yao iliyofanana na ile ya wenyeji. Kisha, baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini ya Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, maneno ya Kifaransa na Kilatini yakaingia mahakamani, kanisani na katika nyumba za wakubwa, na tangu hapo Kiingereza kimekuwa na kabati mbili za nguo: kabati ya maneno ya kienyeji ya kila siku, humo ndimo vitenzi vyenye mikia, na kabati ya maneno ya Kilatini na Kigiriki ya siku ya sherehe.

Mfano mzuri wa kabati hizo mbili ulitokea hapahapa, Ujiji, mwaka 1871. Henry Morton Stanley, katika masimulizi yake mwenyewe, anaeleza alivyomkaribia Livingstone mbele ya umati wa watu, akavua kofia, kisha akasema yale maneno ambayo watalii bado wanakuja kuyarudia pale penye kumbukumbu: "Dr. Livingstone, I presume?" Neno alilolitoa kinywani mbele ya mzee mwenye heshima, "presume", lina asili ya Kilatini. Lakini alipotaka kueleza mkono wake ulifanya nini, aliandika "took off my hat". Mkia huo hapo! Kofia ilivuliwa kwa neno la nyumbani na salamu ikatolewa kwa neno la ugenini, katika sentensi moja. Kwa hiyo msidhani kwamba vitenzi vyenye mikia ni Kiingereza cha mtaani ambacho msomi hukikwepa. Ni Kiingereza cha mkono, cha jikoni na cha karakana, na msomi akitaka kusema ukweli wa kilichotendeka huyarudia maneno hayohayo.

Turudi kwenye "break down", tukianzia pale inapoonekana kwa macho. Watu wanausukuma mlango mpaka unaachia bawaba na kulala sakafuni: "They broke down the door." Hapa kuvunja ni kuvunja kweli na chini ni chini kweli, mlango uliokuwa umesimama sasa umelala. Ukipenda, mkia unaweza kuukata ukaupeleka mwisho: "They broke the door down." Maana haibadiliki. Lakini mlango ukishautaja na sasa unasema "huo", huna hiari tena, kile kiwakilishi lazima kikae katikati: "They broke it down." Wanafunzi wangu wote waliwahi kuandika "broke down it", na wote niliwachora kwa kalamu nyekundu, mpaka siku moja nilipotambua kwamba nilikuwa nikiwachora watu ambao lugha yao inafanya jambo hilohilo kwa ustadi zaidi. Tunaposema "waliuvunja", ile "u" ya mlango iko wapi? Iko katikati, imebanwa kati ya wakati na mzizi, na hakuna Mswahili anayeweza kuitoa hapo akaipeleka mwisho. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimeona vyema kukibana kijineno kidogo katikati ya kitendo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifundisha kwa njia hii, na kalamu nyekundu imepumzika.

Kutoka mlangoni maana inaanza kusafiri, na hapa nataka twende polepole. Kitu kilichosimama ni kitu kinachofanya kazi. Kitu kilicholala kimeshindwa. Kwa Mwingereza hali hii imekuwa kama desturi ya kufikiri. Kiwanda kikifungwa kwa muda mrefu ni "close down", mtambo ukizimwa ni "shut down", gari likipunguza mwendo ni "slow down", mtu akitulia hasira ni "calm down", na katika vyote hivyo hakuna kilichogusa ardhi. Kile kineno cha chini kimeacha kutaja mahali, kimebaki kutaja mwisho wa nguvu. Hata sisi siku hizi tumeanza kuambukizwa: nendeni kwenye dirisha la kulipia bili, mtaambiwa kwamba mtandao uko chini, na hakuna anayeinama kuutafuta. (Nyumba ikiungua ikaisha, Mwingereza husema "burn down", lakini karatasi ikiungua ikaisha husema "burn up", juu. Msiniulize kwa nini nyumba hushuka na karatasi hupanda. Labda ni kwa sababu ya majivu yanayopeperuka, na labda ni ukaidi tu.)

Ndivyo mashine ilivyopata "break down". Haikuvunjika, wala haikuanguka. Iliacha kufanya kazi. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kwa mwanafunzi wa Kigoma, kwa maana akiona "The engine broke down" huandika "Injini ilivunjika". Nendeni mwaloni Kibirizi alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake, mkamwambie mvuvi kwamba injini ya mwenzake imevunjika huko ziwani. Atauliza imegonga mwamba gani. Mvuvi mwenyewe angesema injini imekufa, au imegoma, au imezima kabisa. Imegoma ni neno ninalolipenda zaidi, maana linaipa mashine moyo wa mfanyakazi aliyechoka, na kwa hakika ndilo lililo karibu zaidi na maana ya Kiingereza. Chuma chote ni kizima, ila kazi haifanyiki.

Tena angalieni kiini cha sentensi. Mwingereza aliyekwama njiani anaweza kusema "The bus broke down", lakini anaweza pia kusema "We broke down", sisi, na wala hamaanishi kwamba abiria wamevunjika viungo. Kijana akiisikia hii huona kwamba Mzungu amechanganyikiwa. Lakini sisi, tukipiga simu kutoka barabarani, tunasemaje? Tunasema "tumeharibikiwa". Tumeharibikiwa na gari. Sisi ndio tumekuwa kiini cha sentensi, gari limewekwa pembeni, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba miili yetu ndiyo iliyoharibika. Mgeni yule wa basi la Kasulu alisema kwa lugha yake jambo ambalo kila mama ndani ya basi lile alikuwa amelisema kwa lugha yetu mara nyingi maishani. Kama kijana yule angelisahau neno breki, akajiuliza tu "mtu aliyekwama njiani husema nini kwenye simu?", angefika.

Nami nitasema wazi msimamo wangu, ambao walimu wenzangu wengine hawaukubali. Tumezoea kuwapa wanafunzi orodha ndefu ya vitenzi vyenye mikia, kila kimoja na tafsiri yake pembeni, wakariri usiku kucha. Mimi naona orodha hizo zinaua. Mwanafunzi wa Kigoma huja darasani na Kiha chake, na Kiswahili chake, na zote mbili ni lugha zinazogeuza maana kwa kuongeza kipande mwishoni mwa kitenzi. Hana ugeni na mikia. Ameinywa pamoja na uji. Kutoka "vunja" tunapata "vunjika", "vunjia", "vunjwa", "vunjiana", na mtu akiambiwa kwamba amemvunjia mzee heshima, haendi kutafuta vipande. Tofauti ni kwamba sisi mkia tunaushona mwilini, na Mwingereza anauacha ukining'inia. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo, anaacha kuyaona maneno mawili. Anaona kitenzi kimoja kilichoandikwa kwa nafasi katikati.

Na kama mnataka ushahidi kwamba sisi wenyewe tunawatesa wageni vivyo hivyo, mfikirieni mgeni anayejifunza Kiswahili hapa Ujiji siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, akaalikwa mahali kwenda kuvunja jungu. Atakuja akiwa na huruma usoni, na kama ni mwungwana atakuja na jungu jipya mkononi. Kisha asikie kwamba mchekeshaji fulani anavunja watu mbavu, na kwamba mwanariadha amevunja rekodi, na kamati imevunjwa. Atauliza: hawa watu kuna kitu wanachokiacha kizima? Sisi maana tunaigeuza kwa kubadili kinachovunjwa. Wao wanaigeuza kwa kubadili mkia. Mzigo ni uleule, ila umebebwa upande mwingine wa bega.

Sasa mtu. "She broke down when she read the letter." Mwaka mmoja nilipata tafsiri ishirini na kitu za sentensi hii, na iliyonifurahisha kuliko zote ilisema: "Alianguka chini akavunjika aliposoma barua." Nilimwuliza mwandishi wake ni barua ya uzito gani. Ukweli ni kwamba dada huyu hakuanguka. Alikuwa amejikaza, pengine kwa siku kadhaa, kama ukuta unaozuia maji, na alipoisoma ile barua ukuta ukaachia, akalia mbele za watu. Bila kule kujikaza kwanza, hakuna "break down". Mtoto anayelia kwa sababu amenyimwa andazi huwezi kusema hivyo juu yake. Na ukuta huo unaweza kuachia kwa namna nyingine pia: mtu aliyeficha jambo kwa muda mrefu akabanwa mpaka akalegea na kusema yote, "he broke down and told them everything".

Kwa Kiswahili kizuri dada yule aliangua kilio. Naomba mlitafakari neno hilo, maana nililitumia kwa miaka mingi bila kulisikia. Tunaangua nini? Tunaangua embe kutoka mwembeni, tunaangua nazi kutoka mnazini, tunaangua kwa upembo au kwa kupanda, na kinachoanguliwa kilikuwa juu, kimeshikwa na kikonyo, kikaachia, kikashuka. Basi aliyeangua kilio amekiangua kutoka mti gani? Hakuna mti. Kuna kitu kilichokuwa kimening'inia juu ndani ya mtu, kimeshikiliwa na kikonyo chembamba, na barua ikakikata. Mwingereza aliona ukuta unabomoka kwenda chini. Mswahili aliona tunda linaachia kwenda chini. Wote wawili walitazama machozi wakaona kushuka. Nilipoligundua jambo hili nilikuwa peke yangu nyumbani nikisahihisha mitihani, na nakiri kwamba niliangua kicheko, maana kumbe na kicheko nacho huanguliwa.

Mazungumzo na ndoa nitayapitia haraka, kwa sababu hapo lugha zetu mbili zimepeana mikono: "The talks broke down" ni mazungumzo yalivunjika, na "Their marriage broke down" ni ndoa yao ilivunjika. Urahisi huo ndio unaowadanganya wanafunzi kuvunja na injini.

Lipo tawi jingine ambalo halina huzuni yoyote, nalo mnalihitaji kuliko yote kwa sababu linawangoja katika mitihani ya masomo mengine. Shule ya msingi wengi wenu mlisoma kwa Kiswahili, na sekondari mkageuziwa lugha, na hapo "break down" ikaanza kuwavizia kutoka pande zote. Katika Baiolojia mnasoma kwamba kimeng'enya cha mate kiitwacho amilesi "breaks down starch into sugar". Katika Jiografia miamba nayo ni "broken down". Katika utunzaji wa vitabu vya hesabu mnaombwa "a breakdown of the expenses". Hapa hakuna kilichoharibika hata kidogo. Kitu kizima kimefunguliwa kikawa vipande, kwa utaratibu, na mara nyingi kwa faida. Tafuneni kipande cha ugali mkishikilie mdomoni kwa muda mrefu bila kumeza; kitaanza kuwa kitamu kama kina sukari, kwa sababu kweli kina sukari, amilesi imeikata ile minyororo mirefu ya wanga. Kwa Kiswahili chakula humeng'enywa, miamba humomonyoka na kusagika, gharama huchanganuliwa, na mtu akikwama kwenye jambo gumu humwambia mwenzake "hebu nichambulie kama karanga". Hilo la karanga ni "break it down for me" iliyozaliwa sokoni kwetu, na silioni kuwa na upungufu wowote.

Alama ya njiani ya tawi hili ni kineno "into". Ukikiona, acha kufikiria fundi, fikiria vipande. Meli yetu ya Liemba ni mfano ambao kila mmoja hapa anaujua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915. Kwa Kiingereza unaweza kusema: "The ship was broken down into parts." Meli hiyohiyo, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini grisi nzito, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mtu asiyejali vineno akisoma "was broken down into parts" atamwonea huruma nahodha. Hapakuwa na haja: ule ulikuwa mpango, si mkosi.

Kuhusu matamshi nina neno moja. Kikiwa kitenzi, maneno ni mawili na sauti hupanda kwenye mkia. Kikiwa nomino, yaani jina la jambo lenyewe, huandikwa neno moja na sauti huhamia mwanzoni. Mafundi wetu wa magari wanalijua jina hilo kuliko sisi walimu, maana lile gari la kuvuta magari mabovu wao huliita "breakdown" tu, wakiwa wameukata ule utaratibu wa Kiingereza ambao hudai neno la gari lifuate. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia "A breakdown pulled our bus to town", nami nikacheka kwanza, kisha nikagundua kwamba kwa Kiswahili cha gereji amesema sawa kabisa.

Nimebakiza sentensi moja, nayo nataka isomwe kwa sauti hapa ukumbini kabla kengele haijalia. Ni ya Kiingereza safi, haina kosa lolote, na ndani yake zimo sentensi zote mbili tulizoanza nazo, pamoja na kineno cha chini ambacho kwa mara ya tatu si mkia wa kitenzi chochote, bali ni mwelekeo wa barabara tu. Mtakapofika pale kinaporudiwa mara mbili mfululizo, msidhani nimekosea kuandika; cha kwanza kitamkeni kwa nguvu maana ni mkia, kisha vuteni pumzi fupi, na cha pili kipiteni kwa wepesi. Nawaandikia ubaoni: "The bus that broke down the gate broke down down the road." Kwa Kiswahili, basi lililovunja geti limeharibikia huko mbele barabarani, na mwenye geti, nadhani, ameshaanza kulifuata kwa miguu. Haya, nani anaanza kusoma?